Kununua pikapu iliyotumika ya kuvuta trela: mwongozo kwa wa Nakuru, Kisumu na magharibi

Broka atakuuliza mambo mawili: una ngapi, na unataka Toyota au Isuzu. Lililo muhimu hatakuuliza, kwa hiyo jiulize mwenyewe kabla hujatoka nyumbani: mzigo wako ni kilo ngapi?

Pima mzigo kwanza

Gunia la mahindi la kilo 90 mara 20 ni kilo 1,800. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni kilo 1,000 kabla hujahesabu tangi lenyewe. Ng'ombe wa Friesian aliyekomaa huwa kwenye kilo 550 au 600, hivyo wawili tayari ni zaidi ya tani moja. Halafu kuna trela. Yale yanayochomelewa jua kali huwa mazito kuliko yanavyoonekana kwa sababu fundi hutumia chuma alichonacho, si kilichopigiwa hesabu. Usikadirie. Lipeleke tupu kwenye mzani wa ghala la nafaka, uandike uzito wake.

Ukishapata jumla, linganisha na tarakimu tatu za kila pikapu unayoiangalia.

Ya kwanza ni uzito wa juu wa trela lisilo na breki zake ambao pikapu inaruhusiwa kuvuta. Kwa pikapu nyingi za ukubwa huu ni kilo 750, basi. Trela la ng'ombe wawili halimo humo, hata kama kila siku ya soko unaliona barabarani likivutwa hivyo hivyo.

Ya pili ni uzito wa juu wa trela lenye breki. Hilux ya Vigo yenye injini ya lita 3.0 huwa kwenye kilo 2,250 hadi 2,500. Hilux iliyofuata, yenye injini ya 2.8, hufika 3,200 hadi 3,500. Isuzu D-Max ya fowili (inayoendeshwa na magurudumu yote manne) ya kuanzia 2012 ni 3,000 hadi 3,500, na Ford Ranger ya 3.2 iko karibu na hapo. Tarakimu hizi hubadilika kati ya singo kabini na dabo kabini, kati ya fowili na ya magurudumu mawili, na kati ya nchi gari lilikotengenezewa. Inayohesabika ni ile iliyo kwenye kitabu cha gari hilo hilo.

Ya tatu husahaulika: uzito unaokalia tufe la kuvutia, lile la nyuma ya pikapu linaloshikwa na ulimi wa trela. Unatakiwa uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa trela. Trela la kilo 1,600 linakandamiza nyuma ya pikapu kwa kilo 160, na kilo hizo hutoka kwenye mzigo ambao pikapu inaruhusiwa kubeba. Dabo kabini inayobeba kilo 900, ikipakia watu watano wa kilo 75, kilo 160 za ulimi wa trela, na kanopi, imebakiwa na nafasi ndogo sana ya magunia. Hapo ndipo springi huvunjika na mwenye gari akasema ni barabara mbaya.

Mlima ndio mtihani wa injini

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na Timboroa hupita 2,700. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L (hayo ni majina, si lita), ambayo hata pwani hutoa nguvu ya kuzungusha ya chini kidogo ya Newton-mita 200, ikifika Timboroa imebaki na robo tatu tu ya nguvu hiyo. Itafika. Lakini itafika kwa gia ya pili, nyuma yake msururu wa malori yakipiga honi.

Injini ya turbo haipungukiwi sana, ila ina gharama yake: joto. Kuvuta tani mbili kutoka Salgaa kupanda Sachangwan hadi Mau Summit ni dakika nyingi za mguu kukanyaga mafuta bila kupumzika, na joto lote hilo lazima liondolewe na rejeta (kipoza maji ya injini), oili na feni. Injini inayokwenda sokoni na kurudi vizuri kabisa inaweza kufia hapo. Kuna jambo dogo zaidi ambalo wengi hawalijui: kwenye mita 2,500 maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 92 hivi za Selsiasi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichochoka hakikusumbui Kisumu mjini. Kitakusumbua Timboroa.

Injini unazokutana nazo sokoni, na ugonjwa wa kila moja

*Toyota 3L na 5L.* Hazina kompyuta, kila fundi kuanzia Bondeni hadi Kibuye anazijua, na pampu yake huvumilia. Ubaya wake ni hedi, kichwa cha injini: ikichemka mara moja kisawasawa, hupasuka katikati ya vali. Uliza kama imewahi kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Zinatumia mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mwendo wa vali na wa pistoni. Ukikatika, vali na pistoni hugongana. Ni injini nzuri kwa trela jepesi na mtu asiye na haraka.

*Toyota 1KD na 2KD, zile za D-4D, dizeli za kompyuta.* Hizi ndizo nyingi zaidi, na ndizo zinazohitaji macho makali. Chini ya kila injekta, kifaa kinachonyunyiza dizeli kwenye silinda, kuna washa ya kopa, pete nyembamba ya kuzuia gesi. Washa ikichoka, gesi ya moto hupenya kuingia upande wa oili, oili huungua na kuwa tope jeusi zito, na tope hilo huteremka hadi sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la kunyonyea oili. Dereva haoni chochote mpaka taa ya oili iwake, na ikiwaka ukiwa umevuta mzigo mlimani, beringi za krankshafti zimeshakwenda. Hilo ndilo huua 1KD nyingi. La pili ni injekta zenyewe: ikimwaga dizeli kupita kiasi kwenye silinda moja, pistoni hupata joto upande mmoja na kupasuka. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na soko la gari, na kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Kuzima taa hiyo bila kubadilisha mkanda ni kazi ya dakika mbili, hivyo taa iliyozima si ushahidi wa lolote.

*Isuzu 4JH1 na 4JJ1, za D-Max.* Ukitaka maoni yetu, kwa kuvuta hapa kwetu 4JJ1 ya lita 3.0 ndiyo ya kutafuta kwanza. Ina mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, chuma chake kimejengwa kama cha lori dogo, na D-Max huunganishwa Nairobi, kwa hiyo vipuri na mafundi wako. Ugonjwa wake wa kawaida ni vali ndogo ya kudhibiti mafuta kwenye pampu: ikichoka, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa hupanda na kushuka yenyewe kama mtu anayevuta pumzi. Vali hiyo hubadilishwa bila kufungua injini, na muuzaji asiyelijua hilo anaweza kukupunguzia bei kubwa kwa kitu kidogo.

*Nissan YD25, za Navara.* Nguvu ipo tele. Mnyororo wa juu wa taimingi ndio tatizo. Hulika na kurefuka. Sikiliza mkwaruzo upande wa mbele wa injini baridi inapowashwa. Bei ya Navara huwa chini kwa sababu hiyo, na ukiinunua, weka pesa ya minyororo kando siku hiyo hiyo.

*Mitsubishi 4D56, za L200.* Mikanda miwili, mmoja wa taimingi na mwingine wa shafti za kusawazisha. Wa pili ukikatika huvuta wa kwanza. Hedi hupasuka ikichemka.

*Ford 2.2 na 3.2, za Ranger. Mazda BT-50 ya kizazi hicho ni injini ile ile.* Huvuta vizuri ajabu. Ila pampu yake ya oili hupoteza mvuto oili ikiachwa imemwagwa muda mrefu, na fundi wa kando ya barabara anayefungua nati ya sampu kisha akaenda kunywa chai anaweza kuiua injini bila kujua. Oili ikitoka, ndani ya dakika 10 nati irudi na mpya imiminwe. Kama huna fundi anayelijua hilo, acha Ranger.

Nenda alfajiri

Mwambie muuzaji unakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kwamba gari lisiwashwe. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Kama kuna joto, mwambie kwa adabu, "Ndugu yangu, nitarudi kesho," na uondoke kweli. Injini iliyopashwa imefichwa nusu ya magonjwa yake.

Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ndani unataka kuona kulanti, maji maalum ya kupozea, yenye rangi, nyekundu au kijani. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yana maana ya kutu: mtu amekuwa akijaza maji ya mfereji kwa miaka, na njia za ndani za rejeta zimeziba. Utando wa mafuta juu ya maji ni ishara ya gasketi au hedi. Chomoa kijiti cha oili, kinuse. Oili ya dizeli huwa nyeusi, hilo lisikutishe. Ikinuka dizeli, au ikiwa imepita alama ya juu, huenda kuna injekta inayomwaga mafuta ndani. Ikiwa na povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kumiminia, maji yameingia.

Sasa geuza ufunguo hatua moja bila kuwasha. Taa ya injini, ya oili na ya betri zote ziwake. Kwa injini ya kompyuta, taa ya injini isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa balbu au kuiziba, na anajua kwa nini.

Washa. Moshi mweupe kidogo unaoisha ndani ya nusu dakika ni kawaida asubuhi ya baridi ya Nakuru. Unaoendelea na kuchoma macho ni dizeli isiyoungua, yaani injekta au mgandamizo mdogo. Wa bluu ni oili. Mweusi mwingi ukikanyaga ni hewa kidogo au injekta zilizochakaa. Mlio wa kugonga, mkavu kama nyundo ndogo kwenye bati, ambao hauishi baada ya injini kupata joto, ni injekta au beringi. Vyovyote vile ni pesa.

Injini ikiwa imeshapata joto, fungua kifuniko cha kumiminia oili kilicho juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) na ukiweke kinyume juu ya shimo bila kukifunga. Kikitulia au kikitikisika kidogo, sawa. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo kama bomba la jiko, injini inapumua: ringi au silinda zimechoka. Mlimani, injini kama hiyo hutapika oili.

Lipia fundi wako, si wa muuzaji

Kwa D-4D, kazi ya fundi ina mambo mawili ambayo hupaswi kuyasamehe. Moja, aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari na aangalie marekebisho ya kila injekta injini ikiunguruma bila kukanyagwa. Zote ziwe kati ya hasi 3 na chanya 3. Moja ikiwa nje ya hapo, panga bei ya injekta. Pili, afungue nati ya sampu na apenyeze kamera ndogo ya waya kutazama chujio la kunyonyea. Matundu ya wavu yakionekana wazi, umepona. Ukiona wavu umefunikwa na kitu kama lami iliyokauka, hata injini iwe tulivu namna gani, sampu lazima ishuke na washa zote za injekta zibadilishwe kabla ya safari yoyote. Muuzaji akikataa oili imwagwe, mwambie utanunua oili mpya na filta. Ni lita 7 hivi. Anayekataa hata hivyo amekujibu.

Kwa injini za kompyuta zote, kuna pia kipimo cha mrejesho: mrija wa kurudisha dizeli wa kila injekta unaelekezwa kwenye chupa yake, injini inaunguruma dakika moja au mbili, na unalinganisha. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake ndiyo injekta iliyochoka. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa huleta hali hii mapema, kwa sababu mafuta taa hayalainishi pampu wala injekta.

Chini ya gari: hapa ndipo pikapu iliyovuta hujulikana

Lala chini, na tochi. Anza nyuma. Chuma cha kuvutia trela kifungwe kwa bolti kwenye chesisi pande zote mbili. Kilichochomelewa moja kwa moja kwenye chesisi kikate bei au kikutoe, maana moto wa kuchomelea hulegeza chuma cha chesisi pembeni ya weldi na ufa huanzia hapo. Fuata chesisi kwa kidole kutoka kwenye vishikizo vya springi za nyuma hadi chini ya mwanzo wa bodi. Ufa huonekana kama mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi safi. Rangi nyeusi mpya sehemu moja tu ni jambo la kuulizia.

Hesabu majani ya springi pande zote mbili. Yakiwa mengi kuliko ya kiwandani, gari limebeba kupita kiasi. Jani moja likiwa limehama upande, bolti ya katikati imekatika. Shika propela shafti, fimbo ndefu inayopeleka nguvu nyuma, uizungushe huku na huku: mchezo mdogo sana unakubalika, mlio wa "klok" haukubaliki. Fungua nati ya kujazia oili ya difu, boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma, chovya kidole. Vumbi la fedha ni kawaida kwa gari lililofanya kazi. Vipande unavyoweza kuvishika ni meno ya gia.

Tairi: zikiwa za gari dogo badala ya za mzigo, utabadilisha zote. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu husema umri wake, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Lipeleke mlimani

Kuzunguka kituo cha mafuta si majaribio. Ukiwa Nakuru, nenda Salgaa upande hadi Mau Summit. Ukiwa Kisumu, toka Mamboleo upande kwenda Kiboswa na uendelee hadi vilima vya Maragoli. Weka magunia machache nyuma ikiwezekana.

Kwenye sehemu ya kupanda, ukiwa gia ya nne, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mzunguko wa injini ukipaa bila gari kuongeza kasi, klachi inateleza, na klachi inayoteleza bila trela haitafika Kericho na trela. Tetemeko na mlio wa kugongana ukizima injini ni flaiwili ya vipande viwili iliyochakaa. Bei yake huwashangaza wengi kuliko ya klachi. Kwa gari la otomatiki, sikiliza kama gia zinachelewa kuingia au zinaruka ruka zikiwa na joto, na unuse oili yake: harufu ya kuungua ni kwaheri.

Tazama mshale wa joto, lakini usiuamini sana, kwa sababu magari mengi ya kisasa huushikilia katikati hadi hatari iwe karibu. Ukifika juu, simama, uiache injini ikiunguruma, ushike mrija wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ukiwa mgumu kama jiwe, usifungue kifuniko. Subiri ipoe kabisa. Ukibaki mgumu hata baada ya kupoa, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hedi hiyo.

Kurudi chini, teremka kwa gia ile ile uliyopandia na usikie injini ikizuia gari. Gia ikijichomoa yenyewe, giaboksi imechoka. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, diski zimepinda.

Karatasi, haraka tu

Tafuta rekodi za gari za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kupitia eCitizen kabla ya kulipa hata amana. Namba ya chesisi na ya injini kwenye rekodi zilingane na zilizopigwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa itakuwa shida yako. Angalia kama kuna mkopeshaji aliyeandikwa pamoja na mwenye gari. Herufi za namba ya usajili husema lini gari lilisajiliwa Kenya, si lini lilitengenezwa. Trela nalo lina usajili wake, namba za Z, na bima yako ijue kwamba unavuta.

Ukishainunua

Usivute siku ya kwanza. Badilisha oili ya injini, giaboksi na difu, filta zote, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi baada ya kuosha mfumo. Nunua kifuniko kipya cha rejeta na thamostati. Kama mkanda wa taimingi hauna risiti, uhesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Kwa otomatiki, ongeza kipoza oili cha nje mbele ya rejeta. Ni bei ndogo ukilinganisha na giaboksi.

Tufe la kuvutia la kawaida ni la milimita 50, na kikombe cha trela lazima kilingane nalo. Tofauti ya milimita mbili tatu hairuhusiwi. Minyororo miwili ya usalama ipite kwa mkato chini ya ulimi, ili trela likichomoka ulimi uangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Pakia uzito ukiegemea kidogo mbele ya ekseli. Mzigo wote ukiwa nyuma, trela litaanza kuyumba ukiongeza kasi, na kukanyaga breki za pikapu wakati huo huzidisha. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, ushike usukani ukiwa umenyooka.

Safari ya kwanza iwe nusu ya mzigo. Baada ya kilomita 50, simama ukaze nati za magurudumu ya trela na bolti za chuma cha kuvutia, uguse vitovu vya magurudumu kwa nyuma ya mkono: kimoja kikiwa cha moto kuliko kingine, beringi yake inaanza kwenda.